MASHINE IKIWASHWA, INATUSUBIRI KWA LUGHA GANI?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini je, mgeni huyo akija na kushindwa hata kuandika jina lako, utapona kwa lipi? Mgeni ninayemzungumzia ni tarakilishi, au kompyuta ukipenda.

Mgeni huyu amekwisha kuingia. Yuko katika maabara yetu, yuko katika kila saiba kuanzia Kariobangi hadi Kayole, na kwa sura ya simu yuko mfukoni mwa makanga wa namba 58 ya Buruburu. Suala la kumkaribisha au kumfukuza lilipitwa na wakati zamani. Suala lililobaki ni hili: mashine inapowashwa, kabla hujagusa chochote, imekwisha kuamuliwa kwamba utaandika kwa herufi zipi na kwa programu gani. Ni nani aliyeamua? Na je, alikuuliza?

Nimepewa kurasa hizi nilieleze jambo hilo kwa sababu nilikuwa mmoja wa wanachama watano walioteuliwa na chama kushirikiana na Klabu ya Kompyuta katika kutayarisha mashine 12 kuukuu ambazo shule ilipewa. Mashine hizo zilikuja tupu, hazina mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoziamsha programu nyingine zote. Tulikubaliana kuziwekea Ubuntu, toleo la Aprili 2024, kwa kuwa ni la bure na hutunzwa na wenyewe kwa miaka 5. Kazi ya kuliweka ilikuwa ya alasiri mbili tu. Kilichotuchukua majuma mawili ni swali moja dogo ambalo mashine huuliza wakati wa kuwekewa mfumo: kibodi yako ni ya lugha gani?

CHAGUO-MSINGI NI NINI?

Ukipanda matatu ya Umoja pale mjini, ukae kimya, usiseme unashukia wapi, utapelekwa hadi steji ya mwisho. Hukuichagua steji hiyo. Ilichaguliwa kwa niaba ya yeyote asiyesema. Hilo ndilo chaguo-msingi: uamuzi uliofanywa mapema kwa ajili ya mtu ambaye hatasema lolote.

Mtu aweza kuuliza, "Si nitabonyeza tu nibadilishe?" Naam, unaweza, kama vile unavyoweza kupiga ukuta wa matatu ushushwe Donholm. Lakini ni lazima kwanza ujue kwamba Donholm ipo, ujue ni wapi pa kupiga, na uwe na ujasiri wa kupiga. Wengi wetu hatubadilishi. Tunaketi, tunaanza kuchapa, na kile tulichokikuta tunakidhani ndicho kitu chenyewe. Kwa hivyo anayepanga chaguo-msingi, hata awe hana kiburi chochote, anawatawala watu wengi asiowajua.

Tukija kwenye uandishi, chaguo-msingi si moja bali ni manne, nayo hupangwa moja juu ya jingine kama sahani.

La kwanza ni mpangilio wa kibodi: ukibonyeza hapa, itoke herufi gani. La pili ni programu ya kuingizia lugha, ambayo hukaa kati ya vidole vyako na ukurasa na kuzigeuza herufi ulizobonyeza ziwe maandishi unayoyataka. La tatu ni orodha ya maneno ambayo mashine huitumia kukusahihisha au kukubashiria neno lijalo. La nne ni lugha ya menyu, yaani maneno ambayo mashine yenyewe hukuzungumzia: "Hifadhi", "Futa", "Chapisha". Watu wengi huyachanganya haya manne. Utamsikia mtu akisema, "Nimeweka simu yangu kwa Kiswahili," kumbe amebadilisha menyu tu, na ukiandika "niko hapa" bado inakurudishia Kiingereza cha ajabu.

KWA NINI WENGINE WANAHITAJI PROGRAMU NZIMA?

Kiswahili tunakiandika kwa herufi za Kilatini, kwa hivyo ile sahani ya pili hatuioni sana. Lakini mfikirie Mchina. Maandishi yake yana maelfu ya alama, na hakuna kibodi inayoweza kuwa na vibonye elfu kadhaa. Atafanyaje? Huandika matamshi ya neno kwa herufi za Kilatini, tuseme "ma", kisha programu humletea orodha ya alama zote zinazotamkwa hivyo, naye huchagua anayoitaka. Mjapani na Mkorea nao wana programu zao. Bila programu hiyo, mashine kwao ni sanduku tu.

Ndiyo maana watengenezaji wa mifumo endeshi ya bure wamebishana kwa miaka mingi kuhusu programu ipi iwe ya kwanza katika toleo jipya. Kwa upande wa Ubuntu, iliyokuwa ikitumika hapo awali iliitwa SCIM. Katika toleo la Oktoba 2009 nafasi yake ikachukuliwa na IBus. Mwaka 2012 wale wanaotengeneza GNOME, ambayo ndiyo sura ya mezani ya mifumo mingi ya aina hii, wakaiunganisha IBus moja kwa moja na mazingira yao. Waliozoea mpinzani wake aitwaye Fcitx wakalalamika kweli kweli, kwamba wamefungiwa mlango. Na mwaka 2021, mfumo wa Debian ulipotoa toleo lake la 11, mojawapo ya mambo uliyojivunia ni kuja na Fcitx ya 5.

Huenda ukajiuliza mabishano hayo ya akina SCIM na Fcitx yanamhusu vipi mwanafunzi wa Eastlands. Yanatuhusu kwa sababu ya maswali wanayojiuliza wakichagua, ambayo tuliyaazima yote. Je, programu hii ina mtu anayeitunza, au mwenyewe aliihama? Je, inapatana na programu nyingine, au itagombana nazo? Je, mashine dhaifu itaibeba? Je, asiyeihitaji atasumbuliwa nayo? Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: tukikosea, ni nani atakayeumia, na je, atajua jinsi ya kujiokoa?

KISWAHILI CHENYEWE KIMEWAHI KUCHAGULIWA HIVI

Tusidhani jambo hili lilianza na umeme. Kwa karne kadhaa washairi wa Lamu, Pate na Mombasa waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Hati hizo zina alama tatu tu za irabu ilhali Kiswahili kina irabu tano, na Kiarabu hakina sauti kama p na ch. Waandishi walilazimika kuongeza nukta na alama zao, na msomaji naye alilazimika kukisia. Herufi za Kilatini zilipoenea wakati wa wamishenari na wakoloni, zikawa ndizo za kwanza, na zile za awali zikabaki kwa wenye kuzijua.

Kisha ukaja mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Swali lilikuwa: katika lahaja zote za Kiswahili, ni ipi iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule? Kimvita cha Mombasa kilikuwa na watetezi wake na fasihi yake tukufu. Kikachaguliwa Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuusimamia uamuzi huo, na mwaka 1939 zikatoka kamusi zilizohaririwa chini ya Frederick Johnson. Hakuna aliyekipiga marufuku Kimvita. Kiliondolewa tu kwenye nafasi ya kwanza, na kuanzia hapo mtoto wa Mombasa aliyesema "ndoo" kwa maana ya "njoo" akaambiwa na mwalimu kwamba amekosea.

Hapo ndipo nguvu ya chaguo-msingi ilipo. Halikukatazi kitu. Hukifanya tu kile kingine kionekane kama kosa.

KOMPYUTA ILIPOFUNDISHWA KISWAHILI

Mwaka 2004 ulikuwa wa neema kwa Kiswahili katika uwanja huu. Kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wa kutoa Windows na Office zenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa Kilinux, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia barua na kupigia hesabu, kwa Kiswahili kitupu. Mabishano ya istilahi yakapamba moto: kompyuta au tarakilishi? Kipanya au mausi? Kibodi, kicharazio au baobonye? Mabishano hayo mpaka leo tunayo hapa chamani kila Ijumaa.

Lakini angalia kilichotokea kwenye sahani ya kwanza. Ukichagua Kiswahili (Kenya) katika Windows, kibodi inayokuja nacho ni ile ile ya Marekani. Mpangilio huo wa herufi ulibuniwa na Christopher Latham Sholes kwa ajili ya taipureta iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874, na aliubuni kwa Kiingereza. Herufi inayojitokeza kuliko zote katika Kiswahili ni "a". Kwenye kibodi hiyo "a" imepewa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ndicho kinyonge kuliko vyote. Nazo "q" na "x", ambazo Kiswahili hakina haja nazo, kila moja ina kibonye chake kizima na imeketi raha mustarehe.

Vilevile, katika hazina ya kimataifa ambayo mifumo endeshi huchota taarifa za lugha, Kiswahili kikitajwa bila nchi huhesabiwa kuwa cha Tanzania. Kamusi ya kusahihisha tahajia iliyomo katika LibreOffice nayo imeandikwa kuwa ya Tanzania. Si kosa lao. Wao waliifanya kazi sisi tukiwa tumelala, na mwenye kulima ndiye mwenye kuvuna. Nalitaja tu ili mjue kwamba mahali pa Kenya katika orodha hizo hapatajazwa na malaika.

Na kazi ya kamusi ya namna hiyo si mchezo. Chukua kitenzi kimoja, andika. Kipe viambishi 6 vya watu (ni, u, a, tu, m, wa), nyakati 4 (na, li, ta, me), kisha ama usiweke kitendwa ama uweke kimoja kati ya ki, vi, i, zi, li na ya, jumla nafasi 7. Zidisha: 6 mara 4 mara 7 ni maneno 168, na bado hujakanusha, hujatendesha, wala hujasema "aliyeiandika". Kwa Kiingereza kitenzi kina sura nne au tano hivi. Ndiyo maana mashine iliyofundishwa kwa orodha ya maneno peke yake huyapigia mstari mwekundu maneno yetu yaliyo sahihi kabisa.

KISA CHA KING'ONG'O

Sasa nifike penye kidonda. Sauti ya king'ong'o, ile ya mwanzo wa "ng'ombe", ni moja, lakini tunaiandika kwa alama tatu: n, g na ritifaa. Ritifaa si pambo. "Ng'oa" ni kukitoa kitu kilichojikita, kama jino au mti. "Ngoa" ni wivu au tamaa, ndiyo tunasema mtu analia ngoa. Ukiiacha ritifaa, umemwambia daktari wa meno akuonee wivu.

Kwa mashine, ritifaa ina matatizo mawili. La kwanza, ziko nyingi zinazofanana. Ipo ile iliyonyooka ya kwenye kibonye, ipo iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kuulizwa, na ipo ya tatu iliyowekwa katika orodha ya kimataifa ya herufi, iitwayo Unicode, ihesabiwe kama herufi kamili na si alama ya kufungia maneno. Kwa jicho lako ni kitu kimoja. Kwa mashine ni herufi tatu mbalimbali, na katika programu nyingi ukilitafuta jina kwa moja hutalipata lililoandikwa kwa nyingine. La pili, katika lugha ambazo waandishi wa programu huzitumia kuulizia hifadhi ya taarifa, ritifaa ndiyo alama ya kuonyesha kwamba maneno yamekwisha. Mwandishi wa programu asiyetaka kujisumbua huogopa, akaipiga marufuku.

Matokeo yake tumeyaona hapa hapa. Mwenzetu mmoja, ambaye simtaji, ana jina la baba lenye ving'ong'o. Cheti chake cha kuzaliwa kina ritifaa. Fomu moja aliyoijaza kwenye mtandao ikazikataa, ikasema jina lina herufi zisizoruhusiwa. Akaziondoa ili apite. Baadaye ofisi fulani ikalinganisha karatasi hizo mbili, ikamwambia haya ni majina mawili ya watu wawili, alete hati ya kiapo kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Mzee wake alifunga kibanda chake cha Gikomba siku mbili nzima, akalipa wakili. Manze, kisa ni alama ndogo kuliko mchwa!

Mitaa yetu inalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Katika ploti moja ya Dandora au Kayole utawakuta Waluo wenye ng' katika majina yao, na Wagĩkũyũ na Wakamba ambao lugha zao zina irabu saba, mbili zikiandikwa ĩ na ũ zenye kiwimbi juu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na papo hapo inalipa taifa jukumu la kuzikuza na kuzilinda lugha za wenyeji. Kibodi ya maabara ya shule ya umma haiwezi basi kulihudumia kabila moja ikalisahau jingine, wala kukihudumia Kiswahili kwa kuzinyima lugha za mama zetu pumzi.

MTIHANI WETU WA MAABARA

Tuliamua kila mpangilio upewe mtihani mmoja: uandike jina la marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Ndani ya jina hilo mna ũ, mna ĩ na mna ng'. Anayeliandika bila kuruka hata alama moja amefaulu.

Mpangilio wa kawaida wa Marekani uliandika Thiong'o vizuri lakini ukatupa Ngugi mkavu. Ule wa Uingereza ulifanya vivyo hivyo, na zaidi ya hayo ukabadilishana mahali pa alama ya @ na alama za kunukulu, jambo ambalo huwachanganya sana wenye kuandika barua pepe saiba.

Wa tatu ulikuwa ule wa Marekani unaoitwa wa kimataifa. Huu una vibonye vinavyongoja: ukibonyeza kiwimbi hakitoki kitu mpaka ubonyeze herufi, ndipo viwili viungane. Ngũgĩ akatoka safi, tukapiga makofi. Tulipofika Thiong'o, lo! Ritifaa nayo ni kibonye kinachongoja. Ikaungana na "o", ikatoka Thiongó. Tukajaribu ng'ombe, tukapata ngómbe. Tulicheka hadi Mwalimu mlezi akachungulia dirishani. Lakini ni kicheko cha kuonya: mpangilio unaomwokoa Mgĩkũyũ unamzamisha Mswahili na Mjaluo, na mtoto wa Kidato cha Kwanza asingejua kwamba dawa ni kubonyeza nafasi baada ya ritifaa.

Katika orodha ya Ubuntu umo pia mpangilio uitwao Kiswahili (Kenya), na mwingine wa Gĩkũyũ chini ya Kenya hiyo hiyo. Ni fahari kuwaona humo. Tuliiongeza yote miwili ili anayetaka aitumie. Hata hivyo hatukuiweka ya kwanza, kwa kuwa kila mmoja ulitengenezwa kwa lugha moja, nasi tulikuwa tukitafuta wa kuwabeba wote.

Aliyefaulu alikuwa ndugu wa yule wa kimataifa, ambaye vibonye vyake vya kungoja vimefichwa nyuma ya AltGr, yaani Alt ya mkono wa kulia. Usipoigusa AltGr, kibodi ni ile ile ya Marekani unayoikuta saiba yoyote, na ritifaa inatoka papo hapo bila kungoja. Ukitaka ũ, shika AltGr na Shift, bonyeza kibonye kilicho kushoto mwa 1, viachilie, kisha bonyeza u. Basi. Jina zima la Ngũgĩ wa Thiong'o likatoka bila dosari. Wale wa somo la Kifaransa nao wakafurahi, maana AltGr na e huwapa é yao. Asiyehitaji hasumbuliwi, anayehitaji hakosi.

Tuliuweka huo wa kwanza katika orodha ya mashine zote 12, tukabandika maelezo ukutani kwa herufi kubwa. IBus tuliiacha mahali pake, maana imekwisha kuungana na mfumo na haikuwa na ugomvi na mtu.

Kura kali ilikuwa ya sahani ya nne. Je, menyu ziwe za Kiswahili? Mimi nilisema ndiyo, na nilisema kwa sauti. Wenzangu watatu kati ya watano walikataa, na sababu yao ilikuwa na uzito: tafsiri ya Kiswahili katika Ubuntu haijakamilika, kwa hivyo menyu moja inaanza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kiingereza, na anayejifunza kompyuta kwa mara ya kwanza atachanganyikiwa mara mbili. Nilishindwa, 3 kwa 2. Menyu zetu ni za Kiingereza, na Kiswahili kimo ndani kwa anayekitaka. Bado linaniuma, lakini siwezi kusema walionea. Tafsiri hizo hufanywa na watu wa kujitolea, na kama nafasi ni tupu, ni sisi ambao hatujaketi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tujifunze kupiga ukuta wa matatu. Ukifika nyumbani, ichukue simu ya mathe, ingia kwenye mipangilio ya kibodi, uongeze Kiswahili kando ya Kiingereza. Simu nyingi za siku hizi hukubali lugha mbili zikae pamoja. Wasiopenda kuchapa wakumbuke kwamba tangu Agosti 2017 Google ilikiingiza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa kusema.

Pili, usiiondoe ritifaa katika jina lako kwa hiari. Ikiwa fomu inaikataa, hiyo ni fomu mbovu. Mwambie mwenye fomu. Na wewe wa Klabu ya Kompyuta utakayekuja kuandika programu kesho, usije ukawafanyia wenzako yale waliyofanyiwa.

Tatu, tutafsiri. Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, uamuzi uliofanywa mwaka 2021. Siku hiyo huwa tunaimba, tunakariri na kula chapati. Vyema. Napendekeza tuongeze jambo moja: kila mwanachama atafsiri sentensi kumi za menyu ya Ubuntu. Tuko wanachama 64. Sentensi 640 kwa mwaka si haba, haba na haba hujaza kibaba. Hata jina Ubuntu lenyewe ni letu Wabantu: ndilo utu. Itakuwaje utu uzungumze lugha zote isipokuwa ya jirani yake?

Maabara iko wazi Jumatano na Ijumaa baada ya vipindi. Njoo, keti, uandike jina lako lote, kwa alama zake zote. Likikataa kutoka, niite.

Kiswahili kitukuzwe!